Fundi Bortola na Jiwe la Zebaki

Bortola aliolewa na Zorzi na kuingia nyumba yao akiwa na meno yake yote, meupe, yamejipanga, na vijana wa kisiwa chetu cha Murano walikuwa wakisema akicheka hata wapiga makasia husahau wanakokwenda. Sikumwona siku hizo. Nilisimuliwa. Mimi nilipoolewa na Vettor, mdogo wake Zorzi, nikahamia nyumba hiyohiyo, Bortola alikuwa tayari anacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja.

Jina langu ni Menega. Nilikaa naye chini ya paa moja hadi alipokufa, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona, na yale machache niliyosikia nitasema nimesikia.

Nyumba yetu ilikuwa ya vioo vya kujitazamia. Wanaume walikuwa ng'ambo ya ua, kwenye tanuri, wanapuliza kioo na kukinyoosha kiwe ubao. Ubao ukipoa unaletwa kwetu wanawake. Mimi nilikuwa wa kusugua, mchanga na maji, mchanga na maji, mpaka mikono inakuwa kama ya mpiga deki. Bortola alikuwa wa jiwe. Kazi ya jiwe ndiyo inayokigeuza kioo kitupu kiwe kitu ambacho mke wa tajiri atalia akikikosa. Unatandaza bati lililofuliwa likawa jembamba kuliko ganda la kitunguu, juu ya jiwe kubwa lililosawazishwa. Unalimwagia zebaki. Unaisugua kwa mguu wa sungura mpaka bati linang'aa kama maji yenye mwezi, halafu unaongeza zebaki nyingine mpaka inafurika. Unaweka karatasi juu, na juu ya karatasi unaweka kioo, kisha unaivuta karatasi itoke polepole, mkono mmoja unavuta na mwingine unakandamiza. Hapo ndipo watu wote waliposhindwa. Ukivuta kwa pupa, bati linachanika. Ukisita, hewa inaingia na kioo kinatoka na mabaka. Bortola alikuwa anaivuta kama mtu anayemfunua mtoto shuka bila kumwamsha.

Chumba cha jiwe kilikuwa na dirisha moja, nalo lilifungwa mwaka mzima, kwa sababu vumbi likianguka kwenye bati kazi imeharibika.

Kazi hiyo alifundishwa na mama mkwe wetu, Mama Lugrezia, ambaye mimi nilimkuta katika miezi yake ya mwisho. Alikuwa anatetemeka mpaka kijiko kinagonga kidevu. Nyumbani walisema ni uzee. Mimi nilikuwa bibi harusi, nani angeniuliza? Nilijua tu kwamba mama yangu mzazi alikuwa mkubwa kuliko yeye na bado alikuwa akipanda ngazi na ndoo mbili za maji.

Zorzi alikuwa fundi mzuri na mtu wa maneno mengi. Alimpenda Bortola kwa namna ya watu wa aina hiyo, yaani mbele za watu. Walikuwa na mtoto mmoja aliyebaki, Orseta. Wengine walizikwa wachanga.

Mwaka ambao Orseta alitimiza miaka saba, baada ya sikukuu ya Mtakatifu Donati, Zorzi alisema anavuka kwenda mjini kununua majivu ya kuyeyushia kioo. Hakurudi. Baadaye tukasikia alionekana bara, juu ya farasi, pamoja na mgeni mwenye pete nyingi aliyekuwa akimtafutia mfalme wa Ufaransa mafundi. Kila mtu wa Murano anajua maana yake. Fundi wa kioo haruhusiwi kuondoka na ujuzi wake. Akiondoka, walio wake wanafungwa mpaka arudi.

Walikuja kumchukua Bortola mchana, tunakula maharage. Askari wawili na mwandishi mmoja mwenye mafua.

"Mke wa Zorzi ni nani?" mwandishi akauliza, huku akijua.

"Ni mimi. Keti, utapigwa na upepo hapo mlangoni."

"Mumeo yuko wapi, mama?"

"Kama ningejua ningekuwa nimeshamfuata na mwiko." Kisha akamtazama vizuri yule mtu, akaona hacheki. "Nina kioo juu ya jiwe. Niacheni nikiwekee uzito, kisije kikateleza."

Wakamwacha. Alikiwekea mawe yake moja moja, akafuta mikono, akambusu Orseta kichwani na kumwambia amsikilize mama mdogo. Mama mdogo ndiye mimi. Hakulia. Vettor alichukuliwa pia, akahojiwa, akarudi jioni kwa sababu yeye hakukimbia popote. Bortola alibaki gerezani majira yote ya baridi, katika chumba kilicho chini sana hivi kwamba maji yakijaa yanapita sakafuni. Nilipewa ruhusa ya kumpelekea chakula mara moja tu. Sikuuona uso wake, nilipokewa bakuli mlangoni.

Zorzi hakurudi. Sidhani kama alifikiria kurudi.

Huku nyumbani Vettor alijaribu jiwe mwenyewe. Vioo vikatoka na madoa kama ngozi yenye mba. Akajaribu tena, akapasua kimoja, akampiga teke mbwa. Kulikuwa na kioo kikubwa kilichoagizwa kwa ajili ya harusi ya binti wa mmoja wa wakubwa wa mji, na wakubwa wa mji ndio hao waliokuwa wamemfungia Bortola. Vettor akaenda kuwaambia, kofia mkononi, kwamba kioo cha harusi kimo gerezani. Sijui walijibizana nini. Najua tu kwamba kabla ya Pasaka Bortola aliletwa kwa mtumbwi, na Vettor akaweka alama yake mbele ya mashahidi kwamba mwanamke huyo hatatoka kisiwani, na kwamba yeye na mtoto wako chini ya mkono wake.

Alikuwa amekonda, anakohoa, nywele zimejaa chawa. Nilimchemshia maji, nikamwogesha jikoni. Wakati namfuta mgongo akasema, "Nipe mkate mgumu."

"Mgumu wa nini? Kuna uji."

"Nipe mgumu, Menega."

Akautafuna mbele yangu, ganda lote, mpaka mwisho. Halafu akanyoosha mikono yote miwili mbele ya moto, vidole vimetawanyika. Havikutetemeka hata kidogo.

"Kabla ya kunichukua nilikuwa nakula mkate wa kuloweka," akasema. "Fizi zilikuwa zinatoka damu. Usiku mate yananijaa mdomoni, nalala na kitambaa. Mikono ilikuwa imeanza. Uliiona?"

"Niliiona, dada."

"Gerezani nilipona. Unanisikia? Kwenye yale maji machafu, na panya, nilipona." Akacheka, na safari hii hakufunika mdomo. "Basi si uzee. Ni lile jiwe."

Kesho yake alirudi kwenye jiwe. Angekwenda wapi?

Dalili zilirudi zote, na upesi kuliko mara ya kwanza. Mwanzo ilikuwa ladha ya shaba mdomoni, kila chakula kilikuwa kama analamba sarafu. Kisha mate. Kisha meno, moja likabaki ndani ya tunda la pea alilokuwa akiuma, akalitazama kiganjani na kulitupa mferejini. Kilichonitisha zaidi kilikuwa hasira. Mtu huyu aliyekuwa akimtania hata padri alianza kuogopa watu. Mgeni akiingia anajificha nyuma ya mlango, na mgeni akitoka anatufokea sisi. Siku moja alimrushia Orseta bakuli kwa sababu mtoto alikuwa anaimba. Lilimpata begani. Bortola akakaa sakafuni akalia mpaka mimi nikalia, na mtoto ndiye aliyetubembeleza sote.

Kinyozi aliyekuwa akitutibu alisema damu yake ina unyevu, akaipunguza. Ilipungua, ugonjwa haukupungua.

Miaka ikapita hivyo. Vioo bado vilikuwa vizuri, kisha vikawa vizuri siku moja na vibaya siku mbili. Mkono wa kuvuta karatasi ulikuwa unaruka wenyewe. Na Orseta alikuwa anakua. Alikuwa na vidole virefu, vitulivu, kama alivyokuwa mama yake. Vettor alianza kuvitazama mezani.

Jioni moja akasema, "Baada ya Pentekoste Orseta ataingia chumba cha jiwe."

Bortola aliweka kijiko chini. "Haingii."

"Shemeji, nimekuvumilia. Mwezi huu peke yake umeharibu vioo vingapi?"

"Nitafutie mtu mwingine. Si huyu."

"Nitamtoa wapi, nimwonyeshe mgeni kazi ya nyumba hii? Mama yangu alifanya kazi hiyo maisha yake yote."

"Na alikufaje?"

"Alikufa kwa uzee!"

"Vettor. Mama yako alikuwa na miaka arobaini na mitatu."

Nilimwona anahesabu, na nilimwona anaacha kuhesabu. Akainuka. "Baada ya Pentekoste," akasema, akatoka kwenda kwenye tanuri.

Msidhani Bortola hakutafuta njia nyingine. Alikwenda kwa watawa, akajikaza ajitokeze mbele yao, huku ameshikilia mikono yake nyuma isionekane. Wakamwambia msichana anahitaji mahari ya kuingilia, na ruhusa ya mlezi wake, na mlezi ni Vettor. Alikwenda kwa mwanamke mmoja wa mtaa wa pili aliyetengeneza shanga kwenye moto wa taa, akamwomba ampokee mtoto. Yule mama alikubali kabisa. Vettor alipopata habari alikwenda mwenyewe kumrudisha Orseta, amemshika mkono wa nguo, watu wanatazama. Kumtorosha hakuweza. Bortola akionekana kwenye mtumbwi wowote nje ya kisiwa, anarudi gerezani, na mtoto anabaki kwa Vettor.

Pentekoste ikafika.

Ilikuwa mchana, wanaume wako kivulini wanakula, tanuri liko wazi. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu ya kusugua, dirisha linatazama ua. Nilimwona Bortola anapita na Orseta, wameshikana mikono, Orseta anamsimulia kitu kuhusu paka. Wakaingia kwenye kibanda cha tanuri. Nilidhani wanakwenda kuota joto, maana mikono ya Bortola ilitulia kidogo ikipata moto.

Nilichosikia sitakisema. Niliruka juu ya meza, mchanga ukamwagika wote. Nilipofika, Bortola alikuwa ameutumbukiza mkono wa kulia wa mwanawe ndani ya pipa la maji, amemkumbatia kwa nyuma, anamtikisa taratibu kama mtoto mchanga. Chini palikuwa na fimbo ya chuma ya kupulizia kioo, ncha yake bado nyekundu.

"Lete mafuta na mayai," akaniambia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Ute tu, usiweke kiini."

Vettor aliingia mbio, mdomo una chakula. "Kimetokea nini? Ameanguka? Nani amemwacha mtoto karibu na tanuri?"

Angeweza kusema ameanguka. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kulisema hilo. Bortola akanikatiza.

"Nimemchoma mimi. Kwa makusudi. Vidole vya huyu havitanyooka tena, kwa hiyo usingoje vipone. Na ukimpeleka kwenye jiwe na huo mkono wa kushoto, nao nitauchoma."

Vettor alimpiga. Alimpiga mpaka mafundi wawili wakamshika. Bortola hakuinua mkono kujikinga, alikuwa anamtazama Orseta tu, na Orseta alikuwa ameshageuzia uso wake ukutani.

Habari ilizunguka kisiwa kabla ya kengele ya jioni. Padri alimpa adhabu ya kusimama kila Jumapili mlangoni pa kanisa, kamba shingoni, mpaka sikukuu ya Mtakatifu Donati. Wanawake waliokuwa wakimwazima chumvi walimtemea mate. Mama mmoja alimwita mbwa jike, kisha akajisahihisha, akasema mbwa jike hula watoto wake akiwa na njaa, huyu alikuwa ameshiba. Bortola alisimama hapo anatetemeka, na watu walisema anatetemeka kwa sababu shetani anataka kumtoka.

Orseta alihamia chumbani kwangu. Nilimbadilisha vitambaa mimi. Vidole vitatu vilijikunja ndani, vikabaki hivyo. Hakuzungumza na mama yake. Akipishana naye ngazini alibana mgongo ukutani. Nilimwambia mara nyingi, "Mama yako alikuwa na sababu."

"Najua sababu yake, mama mdogo," alinijibu siku moja. "Alinieleza yote usiku wa kuamkia siku ile. Nilidhani ananieleza ili tukimbie."

Sasa sikilizeni kilichofuata. Vettor alinuna siku kadhaa, akikataa chakula. Kisha jioni moja, tumeketi, nikaona ananitazama. Hakunitazama usoni. Alikuwa akitazama mikono yangu, ilivyokuwa ikimenya vitunguu.

Sikuwa na mama wa kunichoma. Jumatatu niliingia chumba cha jiwe.

Bortola alikuwa amesimama pale, ameshika mguu wa sungura. Aliponiona alielewa, akaketi juu ya sanduku la bati.

"Sikukuwaza wewe," akasema.

"Najua."

"Menega, naapa kwa Bikira. Niliwaza ataajiri mtu. Au ataacha. Wewe hukunijia kichwani hata mara moja."

"Naam, dada. Nimekuelewa. Nionyeshe hiyo karatasi inavutwaje."

Nilimchukia siku hiyo, msinione mwema. Lakini alinifundisha kama hakuna mtu aliyewahi kufundishwa. Mikono yake haikuweza tena kuonyesha, kwa hiyo alikuwa anaelekeza kwa maneno, huku mate yanamtiririka na kitambaa kiko begani. "Polepole. Usivute kwa bega, vuta kwa kiwiko. Usipumue juu yake. Sasa toka nje." Hilo la kutoka nje alilisema kila kioo kilipomalizika. Alinifukuza uani nipunge hewa, mvua inyeshe au jua liwake. Alishona kitambaa cha kitani akakilowesha na kukitundika dirishani, kikamate vumbi, dirisha likawa linafunguliwa kila Vettor akiwa kwenye tanuri. Aliniosha mikono yeye mwenyewe kabla sijagusa mkate, kwa sabuni, mpaka chini ya kucha. Mama Lugrezia hakumfanyia hivyo. Hakujua.

Mimba mbili ziliniharibikia miaka hiyo. Meno yalinianza kulegea, kisha yakasimama hapo. Vettor alikufa kwa homa ya mapafu kabla jiwe halijanimaliza, na siku ya arobaini yake niliwaambia mafundi wanaotaka kazi hiyo waje walibebe. Wakalibeba. Sikuuliza linapelekwa wapi. Mikono yangu hadi leo haiwezi kuingiza uzi kwenye sindano, ila uji nakula mwenyewe.

Bortola hakuwa na bahati hiyo. Mwishoni alilishwa. Majina yalimtoka, akaniita Lugrezia, akamwita Vettor baba. Habari zilikuja kwamba Zorzi amefia Ufaransa, katika nyumba ya mwanamke mwingine, na wengine wakasema si kifo cha kawaida. Nilimwambia. Akauliza Zorzi ni nani.

Jina moja tu lilibaki. Alikuwa anamwita Orseta aje ale, aje avae viatu, ashuke ukutani ataanguka. Orseta alikuwa ameolewa na Bastian, mtu wa bustani wa kisiwa cha Sant'Erasmo, mjane asiyejali mkono ukoje ili mradi mke ajue kupalilia. Nilimtumia ujumbe. Nikamtumia mwingine. Bortola alikufa wakati wa Kwaresima, waliokuwa naye wakiwa ni mimi na jirani mmoja kiziwi, na watu waliokuja kumzika walijaa mtumbwi mdogo, hawakujaza mkubwa.

Orseta alikuja baada ya mazishi, na kikapu cha vitunguu. Nilimpeleka kaburini. Alisimama, hakupiga magoti, hakulia. Aliuliza kama mwishoni aliumia. Nikamwambia ndiyo. Akaomba shali ya mama yake, ile ya kahawia. Nilimpa, akaizungushia kikapu, akaondoka kwa mtumbwi wa mboga.

Siku hizi anakuja sokoni na watoto wake. Wana meno kama ya bibi yao, na wana kelele. Mabinti ni wanne, na hata mmoja hakupewa jina la Bortola. Mwaka jana nilimuuliza, kwa kuwa mimi ni mzee na naruhusiwa kuuliza.

"Bado una hasira naye, Orseta?"

Alikuwa anafunga kabichi kwa kamba, mkono wa kushoto unazungusha, ule mwingine umekandamiza kwa vifundo.

"Niko hai kwa sababu yake, mama mdogo. Najua. Jina halina kosa lolote." Akakaza fundo kwa meno. "Ila siwezi kuliita kila asubuhi."